Kabla ya laptopu, tupeni meza ya treni

Kila baada ya muda hutua mtaani mradi mpya wa kuwafunza vijana kompyuta. Ukumbi unapakwa rangi, laptopu zinapangwa, wageni wanapiga picha, na baada ya wiki chache kila mtu anatoka na cheti kinachosema anajua kuandika programu. Sina ubaya na kompyuta. Kuna wasee wa Kibera na Kawangware wanaolisha familia kwa kibodi, na heshima zao wapewe. Ila mimi nina ombi tofauti, na najua litawachekesha wengi: kabla ya laptopu, tupeni treni ya kuchezea. Moja tu, juu ya meza. Na reli yake iwe na kitanzi mwishoni, ile sehemu ambayo treni inaingia ikitazama Kisumu na kutoka ikitazama Mombasa.

Mtasema treni za meza ni starehe ya wazee wa Uingereza na Ujerumani, watu wenye pensheni na chumba cha ziada. Ni kweli. Injini moja ndogo ya kiwandani, ukiiagiza kutoka huko, inakula kodi ya chumba cha mabati ya miezi kadhaa. Sizungumzii hizo. Nazungumzia treni ya kujitengenezea kwa vitu vinavyotupwa, ikitengenezwa na watu ambao tayari mikono yao inajua waya. Na watu hao tunao, tena wengi, isipokuwa hatupendi kuwataja kwa jina zuri.

Nani hukuwekea stima kwenye nyumba ya mabati? Tuseme ukweli. Mara nyingi ni kijana wa miaka kumi na minane au ishirini, mwenye testa mfukoni na koleo la kuazima, ambaye hakuwahi kukaa darasa lolote la umeme. Tunaiita sambaza. Analipwa kila mwezi, anapanda juu ya paa la mabati mvua ikinyesha, maafisa wakija kukata nyaya anatoweka, wakiondoka anarudi. Anajua waya upi unarusha. Anajua taa ikififia jioni ni kwa nini. Asichokijua ni kwa nini nyumba iliungua wiki iliyopita, na hapo ndipo hii treni yangu inaingia.

Kibera na treni ni jirani wa miaka mingi. Mtoto wa Laini Saba huitambua honi kabla hajajua kusoma. Reli ya upana wa mita moja ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, na leo njia ya kwenda Kikuyu, Limuru na mbele zaidi hupita katikati ya vibanda. Mama anauza omena hatua chache kutoka kwenye chuma, honi ikilia anavuta beseni, treni ikipita anarudisha. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, vijana waling'oa reli hiyo hiyo, kwa sababu kila mtu alijua kwamba ukiigusa reli hapa, umegusa nchi hadi Uganda. Kawangware nayo haina reli. Ina matatu za 46 na kelele zake, na stesheni iliyo karibu ni ya Dagoretti. Hivyo wa Kibera wanaijua treni kwa masikio, wa Kawangware kwa hadithi, na sidhani wengi wa pande zote mbili wamewahi kujiuliza swali dogo: treni ikifika mwisho wa safari, inageukaje?

Si swali la kijinga. Gari linapiga yu-tani. Treni haiwezi. Zama za mvuke injini ilikuwa na mbele na nyuma, kwa hivyo reli ilijengewa meza kubwa ya chuma inayozunguka, au pembetatu ya reli ambamo injini inaingia mdomo mbele na kutoka kinyumenyume. Au unaruka tatizo lote. Ukienda Makumbusho ya Reli pale Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, utakuta zile Garratt kubwa za daraja la 59, zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilikuwa 34, zikajengwa Manchester na Beyer Peacock kati ya 1955 na 1956. Zina mashine za magurudumu pande mbili na boila katikati, na zilikwenda vizuri mbele na nyuma. Treni za dizeli zilizonunuliwa zikiwa zimetumika kutoka Mallorca, Uhispania, na kuletwa Nairobi mwaka 2020, zina chumba cha dereva kila ncha. Dereva anafunga mlango, anatembea hadi upande wa pili, safari inaanza. (Pale Mazeras, juu ya Mombasa, reli ya zamani inajizungusha na kupita juu yake yenyewe. Wengi hudhani hapo treni inageuka. Haigeuki, inapanda mlima tu.)

Njia ya nne ndiyo kitanzi. Reli inakwenda moja kwa moja, inafika kwenye njia panda, inazunguka kama puto na kurudi kwenye njia panda ile ile. Treni inaingia, inazunguka, inatoka imegeuka. Kwa treni ya dizeli hakuna shida yoyote, kwa sababu reli ni chuma cha kukanyagia tu na nguvu imo ndani ya injini. Kwa treni ya meza ni balaa. Hapo reli mbili ndizo nyaya mbili. Moja imeshika chanya, nyingine hasi, magurudumu yananyonya umeme na kuupeleka kwenye mota. Ukizijenga bila kufikiri, ukawasha, treni haisongi hata inchi. Umepiga shoti kabla hujaanza.

Kwa nini? Huhitaji hesabu. Tafuta kichochoro chembamba, kwa mfano kule Gatwekera, chenye ukuta wa mabati kila upande na nyumba moja mwishoni ambayo unaweza kuizunguka. Weka mkono wa kulia kwenye mabati, tembea. Fika mwisho, zunguka ile nyumba, rudi ulikotoka, mkono wa kulia bado uko kulia. Sasa angalia unagusa mabati ya nani. Wakati wa kwenda uligusa ukuta wa upande huu, wakati wa kurudi unagusa ukuta wa upande ule. Reli ni hivyo hivyo. Reli ya kulia iliyo na chanya ikizunguka kitanzi inarudi na kujiunga na reli ya kushoto iliyo na hasi. Chanya imekutana na hasi kwa chuma kitupu, bila mota katikati, bila taa, bila chochote cha kuizuia.

Hiyo ndiyo shoti. Na hapa nataka msomaji anisikize vizuri, kwa sababu neno hili tunalitumia kila siku kama jina la shetani. "Ilikuwa shoti." Nyumba arobaini zimeungua, tunasema ilikuwa shoti, tunachanga, tunajenga upya kwa mabati yale yale meusi, na fundi yule yule anarudi na waya ule ule. Shoti si pepo. Ni umeme uliopata njia rahisi ya kurudi nyumbani. Ukikosa kitu cha kuuzuia, unakimbia mwingi mno, waya unapata moto, plastiki inayeyuka, na ukuta wetu wa mbao na karatasi unafanya yaliyobaki. Nyumba iliyofungwa nyaya vizuri ina fyuzi au swichi inayokata yenyewe. Sambaza haina. Wakati mwingine waya uliochubuka unalala juu ya paa na hakuna hata moto, mabati tu yanakaa kimya yakiwa na volti 240, yakingoja mtoto atoke kuoga. Na gari la zima moto, hata likija haraka, haliingii kichochoroni.

Sasa, utamfunza vipi kijana hayo? Kwa kumpa laptopu? Kwa bango lenye picha ya fuvu? Huwezi kumfunza shoti kwa kuipiga kwenye volti 240, maana somo litaisha na mazishi. Unahitaji mahali ambapo shoti inaweza kutokea mara mia kwa siku na hakuna anayeumia. Hiyo ndiyo meza ya treni. Volti 12 haikurushi, na kitanzi kinakulazimisha ukutane na shoti uso kwa uso. Huwezi kukijenga bila kuielewa.

Vifaa viko. Adapta ya dekoda au rauta iliyokufa, yenye volti 12. Hakikisha imeandikwa ampea 2 au zaidi. Reli ni zile henga za waya za dobi, zikinyooshwa na kusuguliwa kwa msasa hadi rangi itoke. Mota itoke kwenye printa ya ofisi iliyotupwa, kwa kuwa nyingi zake zinaipenda volti 12. Ya redio ya kaseti iache: nyingi zina kidhibiti ndani na hazikubali kugeuzwa mwelekeo. Mabehewa tunajua kuyatengeneza tangu utotoni, sisi watu wa magari ya waya na vifuniko vya soda. Kuna jambo moja tu ambalo gari la waya halikutufunza. Ekseli isiwe ya chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, maana itaunganisha reli mbili na hiyo ni shoti nyingine. Weka mrija wa kalamu katikati. Mtoto akielewa kwa nini huo mrija upo, ameshaelewa kwa nini waya una nguo ya plastiki.

Halafu kifaa ambacho kwangu ndicho moyo wa meza nzima: taa ya breki ya gari, ya volti 12 na wati 21. Inapatikana kwa fundi yeyote wa magari. Ifunge kwenye waya mmoja unaotoka kwenye adapta, kabla umeme haujafika popote pengine. Treni ikitembea kawaida inatumia umeme mdogo na taa hiyo hutaiona ikiwaka, labda itang'aa kidogo. Shoti ikitokea, umeme wote lazima upite ndani ya taa, na inawaka kabisa. Gawanya 21 kwa 12, unapata ampea 1.75. Hapo ndipo mwisho wake, hata ukiunganisha reli kwa kijiko. Hakuna moshi, hakuna adapta iliyoungua. Shoti imekuwa mwanga mbele ya macho yako, na unaweza kuitafuta taratibu ilipo huku ukinywa chai. Sijui njia nyingine ya bei hiyo ya kumwonyesha mtu kitu ambacho nyumbani kinachoma vitanda.

Turudi kwenye kitanzi, maana bado taa inawaka na treni imesimama.

Hatua ya kwanza ni kukikata. Kata reli zote mbili mahali kitanzi kinapoanzia, na zote mbili kinapoishia, uweke kipande cha plastiki kwenye kila pengo. Taa inazimika. Kitanzi sasa ni kisiwa na kinahitaji umeme wake. Kiwe kirefu kuliko treni nzima, kwa sababu gurudumu la chuma likiwa juu ya pengo la kuingilia na jingine juu ya pengo la kutokea kwa wakati mmoja, umerudisha ile shoti uliyoikimbia.

Reli ndefu iliyonyooka inaendeshwa na swichi ya miguu sita, ile ambayo ukiibonyeza upande mmoja treni inakwenda mbele na upande wa pili inarudi nyuma. Miguu ya katikati inapeleka umeme relini, ile ya kona inapokea kutoka kwa adapta, na nyaya za kona zinavukana kama herufi X. Ukiugeuza mpini, chanya na hasi zinabadilishana viti. Hiyo X ichore kwenye karatasi kwanza. Watu huifunga kwa kukisia, kisha wanalaumu adapta.

Kitanzi chenyewe kinalishwa kupitia dayodi nne. Dayodi ni mlango wa kuingilia tu, kama ule wa nyuma wa matatu siku ambayo konda ameamua: umeme unapita upande mmoja, upande wa pili umefungwa. Zipange nne kwa umbo la almasi na utapata kitu cha ajabu. Uingize umeme vyovyote vile, chanya huku au chanya kule, upande wa pili unatoka kila mara ukiwa umepangwa sawa. Toa waya kutoka kwenye reli ndefu, baada ya swichi, upitishe kwenye hizo dayodi, upeleke kitanzini, chanya ikiwa reli ya kulia kwa treni inayozunguka. Chukua zile za ampea 3 ili taa ya breki ikiwaka zisipate homa. Zinapatikana Luthuli Avenue, na nne hazifiki bei ya sahani ya chapati na madondo.

Tazama sasa. Treni inatoka stesheni, inaingia kitanzini, reli zinakubaliana, taa imezimika. Ikiwa ndani inazunguka, unafanya mambo mawili: unageuza njia panda, na unageuza ule mpini wa swichi. Reli ndefu imebadilisha chanya na hasi. Treni haijahisi chochote, kwa kuwa dayodi zimeendelea kuilisha vile vile. Labda imepunguza mwendo kidogo, maana dayodi hula kama volti moja na nusu njiani. Inafika pengo la kutokea, inakuta reli ndefu imeshageuzwa kumsubiri, inatoka. Ukisahau kugeuza mpini, gurudumu likigusa pengo tu, taa ya breki inawaka na chumba kizima kinajua ni nani amelala.

Nimeona watu wakibisha kwamba hii ni kazi nyingi kwa ajili ya treni ndogo kuzunguka. Ndiyo, ni kazi nyingi. Ndani yake kuna shoti, fyuzi, chanya na hasi, kukata na kutenganisha, swichi, dayodi, hesabu ya wati na ampea, na ile tabia ya kufuata waya kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho kabla ya kuwasha. Watoto wa sekondari msingi wanazisoma hizi sehemu sehemu kwenye somo la sayansi, nyingi zikiwa kwa chaki. Fundi wa mtaani anazigusa zote na hana majina yake. Meza moja inawakutanisha.

Na kwa wale wa "kompyuta kwanza", nina habari. Mwaka 1946, katika chuo cha MIT kule Marekani, wanafunzi walianzisha klabu ya treni za meza. Walikuwa kambi mbili. Kuna waliopenda kupaka rangi milima na vituo, na kuna waliojificha chini ya meza kwenye nyaya, kamati iliyoitwa ya ishara na nguvu. Hao wa chini ya meza waliendesha reli zao kwa swichi na rilei za mitambo ya simu. Kompyuta zilipoingia chuoni, TX-0 mwaka 1958 na kisha PDP-1 mwaka 1961, ni hao hao waliokesha nazo. Neno "hacker" kwa maana ya mtu anayeichokonoa mashine hadi aielewe linafuatiliwa hadi kwenye klabu hiyo, na Steven Levy aliisimulia katika kitabu chake cha 1984. Na miaka tisa kabla ya klabu, 1937, mwanafunzi wa miaka 21 wa chuo hicho hicho, Claude Shannon, alikuwa ameonyesha katika tasnifu yake kwamba swichi na rilei zinaweza kufanya hesabu ya ndiyo na hapana. Kila simu mfukoni mwako imesimama juu ya hilo. Kwa hivyo anayesema tuanze na skrini kwa sababu ndiyo ya kisasa, ameanzia sura ya tano ya kitabu.

Kitanzi chenyewe kinakupeleka huko. Baada ya siku mbili za kugeuza mpini kwa mkono, kila kijana atauliza swali moja: haiwezi kujigeuza yenyewe? Inaweza. Weka kitambuzi kitanzini na rilei mahali pa mpini. Au fanya kama mifumo ya kidijitali ya treni za meza inavyofanya: treni inapokea amri kupitia reli, mwelekeo wake hautegemei tena chanya iko wapi, na kisanduku kidogo kinachosikiliza shoti kwenye pengo kinaibadilisha reli ya kitanzi haraka sana hata treni haitikisiki. Ukifika hapo unataka Arduino, unataka kuandika programu, na hakuna mtu aliyekulazimisha. Hapo leteni laptopu.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulipita haraka. Mtu mzima mmoja wa heshima ataniuliza: si unawafunza hawa vijana kuiba stima vizuri zaidi? Shikamoo, mzee. Kuunganisha wanajua tayari, na hawakungoja treni. Ambalo hawajui ni kuunganisha ambako hakuui. Kijana aliyeiona taa ya breki ikiwaka mara mia atauliza fyuzi iko wapi popote anapoitwa. Huenda hata akakataa kazi. Na kama tunataka aache sambaza kabisa, lazima pawe na mlango wa kutokea. Huo mlango upo kwenye karatasi: mitihani ya ufundi ya NITA inaanzia Gredi ya Tatu, leseni ya fundi umeme hutolewa na EPRA, na serikali ina sera ya kutambua ujuzi wa mtu aliyejifunza kazini bila cheti. Pale Riruta, hatua chache kutoka Kawangware, ipo taasisi ya kiufundi ya PC Kinyanjui. South B kuna chuo cha Shirika la Reli. Umbali si tatizo. Tatizo ni kwamba fundi wa sambaza haingii kwenye lango la chuo akiwa na fomu mkononi, kwa sababu tangu azaliwe kwenye waya ameitwa mwizi. Kwenye meza ya treni ataingia. Ni mchezo, nani anaogopa mchezo?

Ndiyo maana sitaki meza hii iwekwe darasani nyuma ya sare na kengele. Iwekwe ukumbi wa vijana, jioni, mlango wazi. Na mwalimu asitoke mbali. Achukuliwe fundi wa umeme mwenye leseni anayeishi humu mtaani, wapo, alipwe kwa saa zake kama yule mkufunzi wa kompyuta anavyolipwa. Wasichana waje mapema kabla viti havijaisha, maana tunajua inavyokuwa: wavulana wakishashika koleo hawaliachi. Sheria moja tu ubaoni: hakuna anayeugusa upande wa volti 240. Adapta iingizwe na fundi, ifungwe kwenye sanduku, na funguo akae nayo yeye.

Itaibiwa? Mota moja au mbili zitatembea, ndiyo. Printa zilizokufa hazijaisha Nairobi.

Meza ya kwanza ningeiweka Kawangware. Kibera wana treni ya kweli, na wana wageni wa miradi wa kutosha, kila wiki kuna mtu anashuka na kamera. Kawangware hawaji sana. Vijana wa Kibera wakitaka kuiona watapanda Ngong Road kwa miguu hadi Dagoretti Corner, wakunje Naivasha Road, na waje na taa yao ya breki, kwa sababu ya kwetu kufikia hapo itakuwa imewaka hadi imeungua.